Mji wa Dhahabu Usiokuwa na Duara

*Barua zenu kuhusu safari na mambo ya kale. Anajibu mwalimu mstaafu wa historia, Lindi Mjini.*

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama lishe. Nilipika miaka 2 kwenye machimbo ya dhahabu huku wilayani Ruangwa, tangu siku ya pili ya rashi, watu walipomiminika kufuata dhahabu, mpaka rashi ilipohama. Nilikwenda na sufuria 3 za kuazima, nikarudi na bati 30 na mbuzi. Sasa kikoba chetu cha wanawake 14 kimemaliza mzunguko, na tumekubaliana safari hii hatununui sare, tunakwenda kutembea siku moja. Binti yangu wa kidato cha pili anasema Kilwa ulikuwa mji wa dhahabu kabla Wazungu hawajaja. Nikamuuliza maduara, yale mashimo ya kuchimbia, yako wapi, akabaki ananitazama. Je, ni kweli? Siku moja inatosha? Wenzangu wanasema tusije tukachoma nauli kwenda kuangalia kuta zilizobomoka. Tutakodi Costa. Na mmoja wetu anaogopa maji, hajawahi kupanda hata ngalawa.

*Mama Lishe, Ruangwa*

JIBU

Marahaba, mama. Barua yako nilimsomea mke wangu jikoni, akasema mwenye bati 30 ndiye aliyetakiwa kuandika safu hii, siyo mimi mwenye cheti.

Nianze na maduara, maana swali hilo limenitonesha. Mwaka 1994 niliwapeleka Kilwa Kisiwani wanafunzi 41 wa kidato cha tatu. Njia nzima, juu ya lori, niliwapigia hotuba ya mji uliotajirika kwa dhahabu. Dhahabu yenyewe ilitoka wapi sikusema, kwa sababu hata mimi sikuwa nimejiuliza. Tulipofika, vijana wawili wakapotea. Tuliwakuta nyuma ya magofu, kando ya kisima cha zamani, wanafukua kwa kijiko cha wali. Mzee mmoja alikuwa kivulini anashona wavu. Aliwatazama wale vijana, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema, "Mwalimu, hapa hata ukichimba mpaka utokee maji, utakuta matumbawe tu. Dhahabu ilikuwa inapita."

Kwa hiyo mjibu binti yako: duara hakuna, na halikuwahi kuwepo. Dhahabu ilichimbwa mbali sana, nyanda za juu za huko tunakokuita leo Zimbabwe. Watu waliibeba mpaka Sofala, pwani ya Msumbiji, na kutoka Sofala ikapanda na vyombo mpaka Kilwa. Kilwa ndipo ilipokutana na wenye fedha. Walikuja na vitambaa na ushanga kutoka Bara Hindi, na vyombo vya kauri vya Uajemi na vya China. Waliondoka na dhahabu na pembe za ndovu.

Utauliza, kwa nini wenye majahazi hawakuchumpa moja kwa moja mpaka Sofala wakaikuta dhahabu kwa bei ya shimoni? Ungekuwa mtoto wa pwani ungejibu mwenyewe: upepo. Jahazi la Arabuni lilishuka na kaskazi, inayoanza kuvuma Novemba au Desemba, likarudi na kusi, inayoshika Aprili. Ukiishia Kilwa, unauza, unapakia, unageuza tanga na kurudi kwenu mwaka uleule. Ukijitia kwenda Sofala, pepo zinakugeukia huko, unalala msimu mzima ugenini unakula mtaji. Kilwa ilikaa pale hasa ambapo safari ya mwaka mmoja inaishia. Sultani akaweka forodha. Mzigo wa kwenda Sofala ulitozwa, na mzigo wa kutoka Sofala ulitozwa.

Sasa niambie, mama, hilo hulijui? Wewe hukushika sururu hata siku moja. Wewe ulijua mchimbaji atapita wapi akiwa na njaa, ukaweka mafiga hapo. Gramu ilitoka kwenye duara, ikaenda karasha kusagwa, ikaenda mwaloni kuoshwa, ikashikwa na zebaki, na sehemu yake ikaishia kwenye sahani yako. Kijana aliyeichimba leo anachimba kwingine na hana bati hata moja. Huo ndio mji wa Kilwa. Mimi nilisomea chuo miaka mingi sikuuelewa mpaka niliposoma barua yako, na nasema kweli.

Wareno nao walisikia hadithi ya jinsi Kilwa ilivyoijua Sofala, na mwandishi wao mmoja wa karne ya 16, João de Barros, akaiandika. Mvuvi wa Kilwa alikuwa na mtumbwi wake nje ya mlango wa bahari, samaki mkubwa akanasa kwenye ndoana. Mvuvi hakukubali kukata mshipi, na samaki hakukubali kuvuliwa. Samaki na mikondo ya maji wakamburura kusini siku na siku mpaka Sofala, na huko akakuta watu wa Mogadishu wananunua dhahabu kimyakimya. Alipopata njia ya kurudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa mfalme. Mvuvi yeyote wa Kilwa Masoko ukimwambia hadithi hii atakuuliza samaki alikuwa wa aina gani. Hakuna atakayekuuliza kuhusu dhahabu.

Siku yenyewe

Siku moja inatosha Kisiwani, haitoshi njiani. Mkitoka Ruangwa alfajiri na kutaka kurudi Ruangwa usiku, mtakachokiona vizuri ni viti vya Costa. Nendeni jana yake, mlale Kilwa Masoko, ng'ambo ya Kisiwani. Dereva atakushawishi mkate kwa Nanjilinji mtokee Kiranjeranje, kwa sababu kwenye ramani ni karibu. Kiangazi mkubalie. Mvua ikiwa imenyesha, zungukeni kwa Mnazi Mmoja na Lindi, muifuate lami mpaka Nangurukuru, halafu mkunje kulia kuelekea Masoko. Na wakati wa masika sikilizeni redio kwanza. Hamjasahau 2024, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilivyokatika kule Somanga na abiria wakalala njiani.

Masoko, kabla ya chombo, kuna ofisi inayosimamia magofu. Kibali kinatoka hapo, na hapo mnapewa mwongozaji. Msikubali kijana wa sokoni anayesema atawavusha bila karatasi.

Jambo la pili ni maji. Siku ya safari yenu isiwe ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, au ikiwa ya bamvua ulizeni saa ya maji kujaa. Mwaka ule na wanafunzi sikuuliza. Tulirudi, maji yamekupwa, dau limekaa mbali kama limetukasirikia, ikabidi tutembee kwenye tope mpaka magotini. Mwalimu mwenzangu alivaa soksi nyeupe. Sitasema zaidi.

Chombo chenye mashine kinavuka kwa muda mfupi tu, kama wa kupika chai. Kwa tanga ni kuzuri zaidi, lakini upepo hauna ahadi. Yule mwenzenu avae jaketi okozi, akae katikati karibu na mlingoti, na atazame mbele kwenye ngome. Akitazama maji yanayopita ubavuni atazidi kuogopa. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Ni mtu wa Newala, bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka 22.

Mtaanzia wapi? Wageni wengi wanaanza na ngome kwa sababu iko palepale gatini, halafu jua likishakuwa kali ndipo wanaanza kutembea mbali. Nyie fanyeni kinyume. Asubuhi kabisa nendeni Husuni Kubwa, mwendo wa miguu kuelekea mashariki, mnapita mashamba na mibuyu. Maji yakiwa yamejaa, nahodha anaweza kuwashusha chini yake, mkapanda kutokea ufukweni kama walivyopanda wageni wa sultani.

Husuni Kubwa ni kasri la sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ilipokuwa inapita kwa wingi. Limekaa juu ya genge, yaani mwamba ulioinuka, na bahari iko miguuni pake. Vyumba vinapita 100. Mwambie mwongozaji awapeleke kwanza upande wa kusini, kwenye ule ua mpana uliozungukwa na vyumba vidogo vidogo. Watu wanaukimbilia upande wa kaskazini kwa sababu ya uzuri, lakini upande huu wa kusini unasadikiwa kuwa ndio wa biashara, na wewe utauelewa kuliko profesa. Simama katikati ya ua, piga hesabu mzigo unaingilia wapi, unahesabiwa wapi, unafungiwa wapi. Sultani aliishi na biashara yake chini ya paa moja, kama Mhindi wa dukani anavyolala ghorofani.

Halafu ndiyo mwende kwenye birika. Ni la kuogelea, lina pande 8, limejengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya genge kavu. Nilipokwenda na wanawake wa mtaa wetu, mmoja alilizunguka mara mbili, akauliza, "Ndoo alibeba nani?" Wanaume wote tukaanza kusifia ukuta.

Tazameni pia upana wa vyumba. Vyote ni vyembamba, virefu kama korido. Dari la nyumba ya mawe ya pwani lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali bila kupinda. Unaweza kuwa na dhahabu ya Afrika nzima, chumba chako hakitapanuka kuliko mti wa mkoko ulivyotaka. Aliyetaka nafasi ilibidi ajenge kuba, na kuba mtaziona msikitini.

Kasri lenyewe halikumalizika. Lilikaliwa muda mfupi likaachwa. Umewahi kuona kwenye machimbo yale majengo ya tofali za kuchoma yaliyofika kwenye lenta, mwenyewe akahamia rashi nyingine? Basi.

Sultani huyu al-Hasan ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Ibn Battuta aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na akaandika kwamba sultani alipewa lakabu ya baba wa zawadi kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani siku ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, na sultani akaingia ndani akazivua akampa. Alipokufa, ndugu yake Daud alishika nafasi, na huyo alikuwa mkono wa birika: maskini wakija anawaambia aliyekuwa anatoa amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Mlioishi kwenye mgodi mmeshawaona mabosi wote wawili.

Mkirudi mjini, saa nne au tano, ingieni Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ndogo na ya wastani. Sehemu ya kusini iliongezwa karne ya 14 kwa fedha ya dhahabu, na hapo ndipo mtaelewa maana ya kuwa na hela: nguzo, matao, makuba mfululizo. Moja ya kuba zake ilikuwa kubwa kuliko kuba yoyote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Msiongee. Kaeni tu kwenye kivuli chake dakika kumi, mtaona baridi inavyopanda kutoka sakafuni.

Karibu yake kuna Msikiti Mdogo wa Makuba, wa karne ya 15. Huu, mama, ni wako. Inua kichwa utazame ndani ya kuba. Waliojenga walipachika bakuli za kung'aa kwenye chokaa kama mapambo. Vyombo vya mezani vilivyovuka bahari nzima, badala ya kupakuliwa wali, vikapandishwa darini. Nyingi zimetoka, pengine mtaona alama za mviringo zilipokaa. Nimewahi kufikiri huko ni kujionyesha. Mke wangu anasema kila mwanamke mwenye kabati la vyombo asivyovitumia anajua sababu.

Vueni viatu mnapoingia misikitini hata kama ni gofu, na kila mmoja awe na khanga ya pili ya kujitanda. Watu wanaishi pale. Ni kijiji, kina wavuvi na watoto na mbuzi, na makaburi yale ni ya babu zao.

Chakula agizeni mapema. Mwongozaji awapigie simu akina mama wa Kisiwani jana yake, wapike wali wa nazi na samaki, au pweza kama maji yalikuwa mazuri. Mwaka 1994 sikuagiza pia. Tulifika na vijana 41 na madebe mawili ya maji. Mama mmoja alituona, akaingia ndani bila kusema neno, akatoka na sufuria ya mihogo, akatuuzia kipande kimoja kimoja. Akamwita dada yake. Dada yake akaita jirani. Jioni ile, nauli ya kurudi ilitimia kwa sababu yule nahodha alikubali kunikopesha.

Mchana mwishilizieni Makutani, kwenye kasri la masultani wa baadaye, halafu ndipo ngome, Gereza, ikiwa njiani kwenda chomboni. Hapo ndipo ile hadithi inapogeuka, nami naieleza kwa kifupi kwa sababu jua litakuwa limewachosha.

Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alikuja na manowari, akamtisha amiri wa Kilwa mpaka akatoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, Ureno. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha kanisani, kikamalizika mwaka 1506, na kwenye maandishi yake wameandika wenyewe kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa. Chombo kipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Lisbon. Kwa hiyo binti yako akiuliza dhahabu ya Kilwa iko wapi, kidogo anaweza kuonyeshwa kwa kidole, ila nauli yake Costa haifiki.

Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na jeshi, wakauvamia mji, wakaupora, wakajenga ngome. Walidhani wakiishika forodha wameishika dhahabu. Lakini biashara ilikuwa imeanza kuhama kabla yao. Mji mkubwa wa mawe wa huko kwenye dhahabu, Great Zimbabwe, ulikuwa umeshapungua nguvu katikati ya karne ya 15, njia za dhahabu zikasogea upande wa mto Zambezi, na wafanyabiashara walipoona Wareno wamekaa Kilwa na Sofala wakatafuta vichochoro vingine, kama Angoche, pwani ya Msumbiji. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka zao. Ngome mtakayoiona ni ya Waarabu wa Omani, ya miaka ya karibu na 1800, iliyojengwa juu ya msingi wa Kireno. Mlango wake wa mbao ni wa kusimama na kupiga picha ya kikoba.

Kati ya hapo kuna karne ambazo mzigo ulikuwa watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Watoto wa shule hawapendi sehemu hiyo na walimu wengi wanaipita. Ninyi mwambieni mwongozaji asiipite. Wengi wa watu hao walitoka bara huku kwetu, wakashuka kwa miguu kwenye njia hizihizi ambazo Costa yenu itapita.

Kuhusu wenzako na kuta zilizobomoka: ni kweli, zimebomoka. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikayaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa inakula ukuta na miti inaota juu yake. Yakakarabatiwa, yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Anayetaka kuona jengo zima aende akatazame benki. Songo Mnara ni kisiwa kingine, iacheni mpaka mzunguko ujao wa kikoba. Kuna kutembea ndani ya maji katikati ya mikoko, na nimeshasoma barua yako, kuna mtu atarudi na Costa peke yake.

Jambo la mwisho, niletee jibu. Ukisimama kwenye ua wa Husuni, niandikie wewe ungeweka wapi mafiga. Sitanii, nataka kujua.

SWALI

Mwalimu, za kazi. Hapa Mtwara kuna jamaa ana sarafu ndogo za zamani, anasema ni dhahabu ya Kilwa, ameziokota ufukweni. Anataka laki mbili kwa moja. Ninunue?

*Fundi Redio, Mtwara*

JIBU

Usinunue. Sarafu za Kilwa zinazookotwa karibu zote ni za shaba, ndogo na nyembamba, zimeingia kutu ya kijani. Anayekuambia shaba ni dhahabu hajui anachouza, au anajua vizuri sana. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo. Kama ni za kweli, unanunua kesi. Kama ni za uongo, unanunua bati.

Ila mwambie akuonyeshe bure, na ukiweza kupata msomaji wa Kiarabu mkae naye. Sarafu hizo zina jina la sultani upande mmoja na upande mwingine sifa ya Mungu, na maneno ya pande zote mbili yamefanywa yagongane vina. Watu wa pwani walitia shairi hata kwenye chenji. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana huko Great Zimbabwe, karibu na dhahabu ilikochimbwa. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Aliziweka kwenye kopo kwa miaka mingi bila kujua ni nini. Yeye angalau hakumuuzia mtu.

SWALI

Mwalimu, kila mwezi Kilwa, Kilwa. Sisi wa Mikindani hatuna historia?

*Kijana wa Mikindani*

JIBU

Mnayo, na nyumba zenu za mawe ninazipenda. David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapo kwenu mwaka 1866, na boma la Wajerumani ni la 1895. Lakini nimeulizwa kuhusu mji wa dhahabu, na Mikindani dhahabu haikuwa kazi yake. Niulize pembe, niulize watumwa, nitakujibu kurasa mbili. Na siku nikija kuandika, uniagizie ming'oko kwa yule mama wa stendi, iliyochemshwa asubuhi, siyo ya jana.